Kidato cha Nne Asubuhi ya Kwanza

Nchi ya Haidhuru haimo kwenye ramani yoyote, na hata ingekuwamo, wananchi wake wengi wasingeweza kuionyesha. Hilo halikuwasumbua. Serikali ilikuwa imewaeleza mara nyingi kwamba nchi ipo na kwamba imo katika mikono salama, na mtu akishaelezwa hivyo, ramani ya nini tena?

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Namsifu, muumini wa Dini ya Ngazi. Waumini wa dini hiyo, Wanangazi, wanasadiki kwamba siku moja ngazi itashuka kutoka mbinguni, nao watapanda mmoja mmoja, kwa mpangilio, bila kusukumana. Ni imani ya amani kabisa. Hakuna Mwanangazi aliyewahi kumdhuru mtu, ukiacha wale walioangukiwa na wenzao wakati wa mazoezi.

Wanangazi wana shule zao binafsi kila pembe ya nchi. Kila darasa lina ngazi ya mninga iliyoegemezwa ukutani. Asubuhi watoto huimba Wimbo wa Kungoja, mchana hupanda, alasiri hushuka na kwenda nyumbani. Kusoma na kuandika hakumo katika ratiba kwa sababu, kama alivyofafanua kiongozi wao, huko juu hakuna vibao vya barabarani.

Namsifu alimaliza shule hiyo akiwa wa kwanza nchi nzima katika somo la Kungoja. Alipewa cheti chenye mhuri wa dhahabu, akakitundika sebuleni. Katika miaka yote hiyo ni mgeni mmoja tu aliyewahi kumwambia kwamba kimetundikwa kichwa chini, naye alikuwa mtu wa kuja tu, kwa hiyo hakusikilizwa.

Mambo yangeendelea hivyo bila tatizo lolote, kama binti yake Tulizo asingeumwa sikio.

Zahanati iliwapa kichupa kidogo chenye karatasi ubavuni. Foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeeleza zaidi ya kusema, "Imeandikwa humo." Namsifu akamnywesha mtoto dawa ile kwa kijiko, asubuhi na jioni, kwa upendo wote. Sikio lilipozidi kuuma, akazidisha kijiko. Mtoto akaanza kutapika, uso ukavimba, na Namsifu akambeba mgongoni akakimbia naye hadi zahanati, kanga moja imeanguka njiani na hakurudi kuiokota.

Muuguzi, dada mmoja mwenye miwani aitwaye Hobokela, alimhudumia mtoto kwanza. Mtoto alipotulia ndipo akakishika kile kichupa.

"Mama Tulizo, ulimpaje dawa hii?"

"Kwa kijiko, dada. Sikukosa hata mara moja."

"Hii ni ya masikio. Imeandikwa hapa. Matone, sikioni. Hukusoma?"

"Nimesoma, tena nimemaliza kabisa. Nina cheti."

"Kinasema nini hicho cheti?"

Namsifu akafikiri. Hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Kwa kweli, dada, sijawahi kukisikia kikisema."

Hobokela hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sare yake, akaivaa tena. Ndipo Namsifu alipoelewa kwamba jambo lililotokea halikuwa bahati mbaya, na kwamba aliyelitenda ni yeye. Akaketi chini sakafuni, akalia hadi wagonjwa wengine wakampisha kwenye benchi.

Tulizo alipona, ila sikio la kushoto lilibaki zito. Tangu hapo, mtu akimsemesha, mtoto hugeuza kichwa kidogo, kama kuku anayechunguza punje.

Namsifu akaanza kwenda zahanati kujifunza kusoma kila Hobokela alipopata nafasi. Hapakuwa na vitabu, basi walitumia mabango ya afya yaliyobandikwa ukutani. Neno la kwanza alilosoma mwenyewe maishani lilikuwa "kuhara." Alilisoma kwa sauti, akalirudia kwa furaha, akatoka nalo hadi barabarani akiwatangazia wapita njia, na watu wakampisha upesi.

Alipoweza kusoma bango zima, akavaa kanga yake nzuri akaenda kumwona Mshika Ngazi Mkuu, Mtukufu Eliamani Gwandumi. Mtukufu huyo alipokea wageni akiwa ameketi kwenye kiti kilichowekwa juu ya jukwaa, ili mazungumzo yote yawe ya kuelekea juu.

"Shikamoo, Baba Mshika Ngazi."

"Marahaba, binti yangu. Umepanda leo?"

"Nimepanda, Baba, na nimeshuka. Nina ombi. Naomba watoto wafundishwe kusoma, na hesabu kidogo. Siombi Wimbo wa Kungoja uondolewe. Wauimbe asubuhi, wasome, kisha wapande."

"Wasome nini?"

"Chupa za dawa, Baba."

"Mbinguni hakuna chupa za dawa."

"Najua, Baba. Ila wanakwenda huko mapema mno kwa sababu hawakuzisoma."

Mtukufu akatazama dirishani. Kisha akasema, "Mtu akianza kusoma chupa, kesho atataka kusoma kila kitu."

"Ndiyo, Baba."

"Sasa unaliona tatizo."

"Silioni, Baba."

"Ndiyo maana wewe uko huko chini na mimi niko huku juu," alisema Mtukufu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Namsifu akaenda serikalini. Haidhuru ina Wizara ya Elimu na Utulivu, na sheria yake ya elimu ni nzuri sana. Inasema kila mtoto, awe katika shule ya serikali au ya dini, atapata elimu "inayofanana kwa kiasi na elimu." Waziri wakati huo alikuwa Mheshimiwa Fikirini Kasembe, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti inayojaa chumba hata anapoomba chumvi.

"Mama, wewe ni Mwanangazi?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Karibu sana! Ninyi ni watu wazuri mno. Mnapiga kura kwa pamoja kama kwaya. Nikusaidie nini?"

Namsifu akaeleza. Mheshimiwa Kasembe akamsikiliza huku uso wake ukipoa taratibu kama chai iliyosahauliwa.

"Mama, tangu lini kusoma kukamletea mtu raha? Mimi mwenyewe nasoma, na unaniona nilivyo. Barua, barua, barua! Serikali hii haiwezi kuwatwisha watoto wa watu mzigo ambao hata waziri unamshinda. Hata hivyo, kwa kuwa sisi ni serikali sikivu, nitaunda Tume."

Akaunda Tume ya Kuchunguza Neno "Kiasi."

Kwa mujibu wa taratibu za Haidhuru, mkaguzi wa shule ni lazima atoe taarifa mapema ili asiwashtue watoto, na ni lazima ale kabla ya kukagua ili njaa isimfanye awe mkali. Siku Tume ilipofika katika shule ya kina Tulizo, pilau lilikuwa tayari na wanafunzi wote walikuwa juu ya ngazi. Namsifu alijipenyeza na wazazi wengine, akasimama karibu na mlango.

Lazima ieleweke kwamba Wanangazi hukiita kila kipago cha ngazi kidato, na hilo ndilo lililowaponza wakaguzi, au tuseme liliwafurahisha.

"Ninyi mko kidato cha ngapi?" mwenyekiti wa Tume aliuliza, akijifuta mdomo.

"Cha nne!" wakaitikia waliokuwa katikati.

"Na wewe mdogo, uliye huko juu?"

"Cha sita, shikamoo!"

Mwenyekiti akashusha kitambaa. Yeye mwenyewe elimu yake iliishia kidato cha pili, tena kwa mbinde. Akamtazama mtoto yule, ambaye meno ya mbele yalikuwa hayajaota upya, akajawa na heshima ya kweli.

"Umeanza shule lini, mwanangu?"

"Leo asubuhi."

Wajumbe wa Tume wakanong'onezana. Ikaja zamu ya jiografia. "Mbingu iko upande gani?" Mikono yote ikaelekea juu, watoto wawili wakapoteza mshiko na kudakwa. "Sahihi," alisema mwenyekiti. Ikaja hesabu. "Wimbo wa Kungoja una beti ngapi?" Watoto wakajibu kwa sauti moja, "Nyingi!" Mwenyekiti, aliyekuwa ameusikia wote kabla ya pilau, akasema hilo nalo ni sahihi kabisa.

Namsifu hakuweza kuvumilia. "Mheshimiwa mwenyekiti, samahani. Mwombe yeyote kati yao asome jina lake."

Wazazi wakageuka. Mwenyekiti akamtazama kwa huruma.

"Mama, mtoto asiyejua jina lake ataitikaje akiitwa? Hawa wote wameitika."

Ripoti ilisomwa redioni, ikitanguliwa na ngoma. Ilisema kwamba shule za Wanangazi ndizo pekee nchini ambamo watoto wote hufika kidato cha nne, wengi wao asubuhi ya kwanza, na kwamba shule za serikali zinapaswa kujifunza kutoka kwao. Mheshimiwa Kasembe alitangaza kwamba wizara imeagiza ngazi.

Adhabu ya Namsifu ilikuja siku ya ibada iliyofuata. Kila Mwanangazi ana nafasi yake katika Foleni ya Kupanda, na Namsifu alikuwa amerithi nafasi ya bibi yake, karibu kabisa na mbele. Mtukufu akatangaza kwamba kwa sababu ya kiburi cha macho, Mama Tulizo atahamishiwa mwisho wa foleni, baada ya mifugo. Alitaja hasa: nyuma ya mbuzi wa mzee Chilumba.

Watu wengine wangecheka. Namsifu hakucheka, kwa sababu aliamini. Alikuwa ameisubiri ngazi ile tangu utotoni, alikuwa akiiota, na katika ndoto zake mama yake alikuwa daima mbele yake akipanda taratibu kwa magoti yake mabovu, naye akimshika kiuno asianguke.

Mama yake, Bi Ndeonasia, alimfuata jikoni siku hiyo.

"Nani atanishika nikipanda? Magoti haya unayajua."

"Nitakusukuma kutoka chini, Mama."

"Kutoka nyuma ya mbuzi?"

Namsifu akaanza kulia. Bi Ndeonasia naye akaanza kulia, kisha katikati ya kilio akamwona akilini yule beberu wa mzee Chilumba, mwenye pembe moja na tabia mbaya, akipanda mbinguni mbele ya mwanawe, na kicheko kikamtoka bila ruhusa. Wakacheka na kulia pamoja, wameshikana, ugali ukaungua.

"Omba msamaha, mwanangu," mama yake alisema mwishowe. "Neno moja tu. Useme ulipitiwa."

Namsifu alikuwa karibu kabisa kukubali. Hapo Tulizo akaingia, na bibi yake akamwita kutoka upande wa kushoto. Mtoto hakugeuka. Bi Ndeonasia akamwita tena, akaita mara ya tatu. Akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akichezea mwiko, hana habari. Suala la kuomba msamaha halikuzungumzwa tena katika nyumba ile, na kesho yake Bi Ndeonasia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwahi benchi la zahanati, akidai kwamba ana mafua.

Baada yake wakaja wengine. Akina mama wa Kingazi walijitokeza mmoja mmoja, wamejifunika kanga hadi puani, wakilalamikia viuno na vifua, na Hobokela akawaketisha mbele ya mabango. Ikabidi zahanati iripoti makao makuu ongezeko la ugonjwa usiojulikana unaoshika wanawake tu, ambao dalili yake kuu ni kushangilia.

Ndipo ukaja uchaguzi.

Chama tawala, Haidhuru Daima, ambacho mgombea wake alikuwa Mheshimiwa Kasembe, kilikuwa kimebadilisha alama yake kuwa ngazi, kwa heshima ya waumini hao wanaopiga kura kama kwaya. Wapinzani wao, Chama cha Safari, walikuwa na alama ya reli. Mgombea wao, Bwana Chambuso Ntandu, alikuwa mwembamba, mpole, na msikivu kama wagombea wote wanavyokuwa. Alikuja hadi zahanati kumwona Namsifu.

"Tukishinda, mama yangu, kila mtoto wa nchi hii atasoma. Nakuahidi mbele ya mabango haya."

Mtukufu Eliamani, kwa upande wake, alipanda jukwaani akawaambia waumini: "Mtapewa karatasi. Tafuteni ngazi. Wekeni alama kwenye ngazi."

Hakuna aliyefikiria ukubwa wa karatasi. Ilikuwa nyembamba, na mchapaji hakuona mahali pa kuilaza reli, akaisimamisha. Wanangazi wakaingia vyumbani kwa mpangilio, bila kusukumana, wakaona ngazi mbili, moja fupi na moja ndefu. Majina yalikuwa chini yake, lakini majina yalikuwa madoa tu. Shule nzima ya maisha yao iliwafundisha jambo moja kuhusu ngazi, kwamba ndefu ndiyo inayofika. Wote wakaweka alama kwenye reli.

Haidhuru Daima ikaanguka jioni ile ile. Mheshimiwa Kasembe alikimbilia mahakamani na mawakili wengi kiasi kwamba wengine ilibidi wasimame nje. Hoja yao ilikuwa kwamba reli ni ngazi iliyolala, na kuisimamisha ni udanganyifu.

"Lakini jina la mgombea lilikuwa pale chini," jaji alisema. "Wapiga kura wangelisoma."

"Mheshimiwa Jaji, watu hawa hawajui kusoma!"

"Hawajui?" Jaji akafungua faili mbele yake. "Hapa nina ripoti ya Tume iliyosainiwa na mteja wako. Inasema hata watoto wao wako kidato cha nne. Mtu wa kidato cha nne anashindwaje kutofautisha Kasembe na Ntandu?"

Wakili akamtazama Kasembe. Kasembe akatazama dari. Kesi ikatupwa.

Namsifu aliondoka mahakamani karibu aruke kwa furaha. Aliwapa viongozi wapya muda wa kuzoea viti, kisha akaenda wizarani, ambako Waziri sasa alikuwa Bwana Ntandu, tayari akianza kunenepa.

"Mheshimiwa, nimekuja kuhusu ahadi."

"Ahadi niliitoa kabla sijawafahamu Wanangazi," alisema Waziri Ntandu. "Sasa nimewafahamu. Ni watu wenye macho mazuri sana. Waliiona reli. Kwa nini tuwasumbue kwa herufi?"

"Waliiona ngazi, Mheshimiwa."

"Unaona? Wana mawazo mapana."

Huko nje, Kasembe alikuwa ameanza kuzunguka nchi na kipaza sauti, machozi yakimtiririka, akipiga kelele kwamba watoto wa Wanangazi hawajui kusoma na kwamba ni aibu ya taifa. "Ni nani aliyewafanyia hivi watoto wetu?" aliuliza kila mkutano, na kila mkutano watu walimtazama, wakisubiri amalize.

Aliyeokoa mambo ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Baada ya uchaguzi ule vyama vyote viwili viliacha kumtembelea Mtukufu Eliamani. Haidhuru Daima hawakuwa na hamu naye, na Safari walikuwa wakijua moyoni kwamba ushindi wao ulitokana na mchapaji. Nani angehangaikia kura za watu wasiojua zinaangukia wapi? Mtukufu akajifungia. Alipotoka alikuwa na ufunuo mpya: kila kidato cha ngazi ya mbinguni kimeandikwa namba na neno, na apandaye bila kusoma atapitiliza. Kwa hiyo, tangu siku hiyo, kusoma, kuandika na hesabu vitafundishwa katika shule zote za Wanangazi, kabla ya kupanda.

Watu walipiga magoti kwa furaha. Waziri Ntandu akatangaza kwamba huo umekuwa msimamo wa serikali siku zote. Kasembe akatangaza kwamba ni ushindi wake. Namsifu hakutajwa popote, ila alisogezwa katika foleni akawa mbele kidogo ya mbuzi, jambo ambalo Bi Ndeonasia aliliita matusi, akalipokea hata hivyo.

Likabaki tatizo moja dogo. Hakuna mwalimu hata mmoja wa Wanangazi aliyejua kusoma. Ndipo akina mama wa benchi la zahanati wakaitwa, wakiwa wamepona ghafla wote, na Namsifu akapewa darasa la kwanza.

Mchana mmoja, watoto walipokuwa wametoka kucheza, alibaki akifuta ubao. Mlango ukafunguliwa, Mtukufu Eliamani akaingia, akaufunga nyuma yake kwa uangalifu. Hapakuwa na kiti cha mtu mzima. Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfikia kifuani, na kwa mara ya kwanza Namsifu akamwona kutokea juu. Kilikuwa kichwa cha mzee, chenye upara katikati.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akayatazama maandishi yaliyosalia ubaoni kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. "Watu wanadhani najua kusoma. Mimi sikuwahi kuwaambia hivyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Namsifu akaweka kifutio chini. "Na mafundisho yote yale, Baba?"

"Niliyasikia kwa aliyenitangulia, nikayakumbuka. Naye sijui aliyasikia kwa nani." Akashusha sauti. "Ulipokuja na chupa zako, niliogopa. Mtoto mmoja tu angesoma, ningejulikana."

Namsifu alikuwa na maneno yake. Alikuwa ameyaandaa tangu siku ile ya sakafuni, alikuwa akiyanoa kila Tulizo alipogeuza kichwa, na sasa yalimjaa kinywani yote kwa pamoja. Akamtazama mzee yule aliyejikunja kwenye benchi, vidole vyake vikicheza na upindo wa kanzu.

"Sikio la mtoto wangu halitarudi, Baba," alisema.

"Najua."

"Nilitaka ulisikie hilo kwanza."

"Nimelisikia, binti yangu."

Namsifu akageuka, akachukua chaki, akaandika herufi tatu kubwa. Mtukufu akakunja uso.

"Nini hicho?"

"Jina lako. Eli."

"Mbona fupi hivyo? Mtukufu yuko wapi? Mshika Ngazi Mkuu yuko wapi?"

"Vyeo tutaviongeza ukishaweza, Baba. Anza na hili. Hii ya kwanza ni E."

Mzee akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akajikohoza.

"E," alisema, kwa sauti ambayo nzi asingeisikia.

"Kwa nguvu, Baba. Hivyo hufiki popote."

Mtukufu akavuta pumzi na, kwa sauti ile aliyozoea kuitumia jukwaani, akatamka, "E!" Na huko nje uwanjani, watoto waliodhani kwamba kipindi kimeanza bila wao, wakaacha mpira wakaitikia wote kwa pamoja, "E!" huku wakikimbilia mlangoni.